Wiki Tatu za Pumba na Nyasi

Duka la chakula cha mifugo, tena siku ya gulio, si mahali pa kuvaa gauni la manjano. Lakini yule binti alilivaa, na vumbi la pumba lilikuwa limemfika mpaka kwenye kope. Mlishaji wa ng'ombe wa shamba la kilimani alisimama nyuma yake na gunia begani, akasahau kwamba gunia ni zito. Binti akageuka, akamuuliza kama pumba zile zilikauka sawasawa. Wenzake wote wanauliza bei, huyu anauliza ukavu. Jamaa kwisha habari yake.

Kumbe binti ni mtafiti, na shamba alilotumwa ni hilohilo. Akawa anakuja kila Jumanne na mizani. Ng'ombe wa maziwa wakipiga mbweu hutoa gesi ya methani, na yeye aliikadiria kwa kupima walichokula: nyasi kilo ngapi, pumba ngapi, kilichobaki horini kiasi gani. Makadirio yakitoka sawa wiki tatu mfululizo, alisema, kazi imekwisha, anarudi mjini.

Hapo shetani akampitia mlishaji wetu. Jumatatu jioni akawamwagia ng'ombe pumba za ziada, kesho yake wakasusa nyasi. Wiki iliyofuata hakuwapa, wakalamba hori likang'aa. Hesabu ikagoma kukaa sawa, na mtafiti akawa harudi mjini ng'o. Walitaniana zizini, wakapigiana simu kila jioni, binti akilalamikia hesabu zisizokaa. Mlishaji alimwita Daktari wa Mbweu, na binti alijidai kulichukia jina hilo huku akilicheka. Walipendana, tusizunguke.

Mwezi wa pili simu ililia mapema. Mkuu wa binti kazini alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo anamtoa kwenye utafiti.

"Labda kazi yenyewe siijui," binti alisema, na sauti ikamkatika.

Mlishaji moyo ukamuuma.

"Kazi unaijua, mpenzi. Ni mimi. Nilikuwa nawaongezea pumba ili usiondoke."



"Nalia kwako kila jioni, na wewe ndiye unayeniliza," binti akasema, akakata simu.

Jumanne tatu alikuja, akasalimia kama anavyosalimiwa mgeni, akapima, akaondoka. Mlishaji naye alilisha kwa haki, bila kuzidisha hata konzi moja, akijua kwamba kila kilo ya haki inamwondoa mpenzi wake. Ilimuuma, lakini hakugusa.

Jumanne ya tatu binti aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga hesabu mara mbili.

"Imekaa sawa."

"Hongera. Basi unaondoka."

"Naondoka."

"Nilitamani iharibike. Lakini sikugusa kitu, wallahi."

"Najua. Kila Jumanne nilikuwa napima na pumba za ghalani."

Mlishaji akainamisha kichwa. Kwa hiyo hakuaminiwa hata siku moja, na alistahili. Alipokiinua, binti alikuwa ameshapiga simu, akimwambia mama yake kwamba Jumapili atakuja na mgeni, kijana wa watu, analisha ng'ombe. Mama aliuliza jambo, na binti akamtazama mlishaji usoni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu.

"Mwaminifu? Alishanidanganya, mama, sikufichi. Ila nimempima wiki tatu, nimemkubali."