Mtungi Usio na Kivuli

"Kifute!"

"Ami Marhoun," Lujain akasema, "chombo bila kivuli hakina uzito. Kitaonekana kinaelea."

"Na kielee! Mimi nauza mitungi, siuzi giza. Nimekuja kutaka picha, sikuja kusomeshwa na mtoto."

Marhoun, mwenye duka la vyungu mjini Bahla, akaondoka amenuna. Ule mtungi mkongwe akauacha mezani, katika chumba cha Lujain cha kupigia picha, nyumbani kwao Nizwa.

Bibi yake, Ghaniya, alikuwa amesikia yote. "Mtungi wa kale una wenyewe, mjukuu wangu, na wenyewe hukaa kivulini. Kabla hujawagusa, omba ruhusa. Sema dasturi."

Lujain alikuwa na hasira, na mwenye hasira haombi ruhusa. Akakifuta kivuli kwenye kompyuta, akaituma picha. "Haya, na aridhike!" akasonya.

Tone la maji likadondoka ndani ya mtungi mkavu.

Akageuka. Taa iliwaka pale pale, lakini chini ya mtungi meza ilikuwa nyeupe tupu. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba, harufu ya kaburi lililochimbwa sasa hivi, na ukutani kivuli cha mtungi, shingo ndefu nyeusi, kikawa kinatambaa, kikapita pazia, kikapita mlango, kikakifikia kivuli cha mkono wake na kukilamba, taratibu, kama mbuzi alambaye chumvi, hata Lujain alipouinua mkono akaviona vidole vyake vizima, na ukutani kiganja kisicho na kidole hata kimoja.

"Bibi," alinong'ona, "kinanila."

"Usikimbie. Kirudishe kwao." Ghaniya akatia ubani kwenye chetezo, akasoma Ayatul Kursiy. "Dasturi, wenyewe. Tumekosa."

Lujain akakirudisha kivuli pichani. Shingo ikajikunja, ikarudi chini ya mtungi.

Asubuhi akampigia Marhoun. "Ami, nakuomba, ile picha, kama umeshaibandika, ing'oe; wenyewe wa mtungi wamekasirika. Nimekutumia nyingine, yenye kivuli."

"Haing'oki! Nimeibandika ukuta mzima wa duka. Majini yako katishie watoto wenzio."

Alasiri hodi ikabishwa. Jua lilikuwa limeinama, na kila kijiwe cha uani kilikuwa na kivuli kirefu. Marhoun hakuwa nacho. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kiburi chote kimemwisha.

"Kirejeshe kivuli cha mtungi, mwanangu. Changu kimeshakila. Sasa kimeanza cha binti yangu, naye hata kutembea bado."