Pindo la Safari

Mzee Futi alikuwa fundi wa nguo. Futi yake ya kupimia haikutoka shingoni. Hata akienda kuoga aliitundika mlangoni, aione.

Wiki hiyo alikuwa anashona gauni la harusi la binti yake wa mwisho. Binti anaolewa Jumamosi, saa nane mchana, katika mji wa mbali. Gauni lilibaki vifungo sita tu. Wazazi wenyewe ndio wangelipeleka, kwa ndege.

"Ndege ni mbili," alisema mkewe. "Moja inaruka saa tatu asubuhi, nyingine saa sita mchana. Tukate tiketi ya ipi?"

Fundi alivua futi, akapima ramani iliyobandikwa ukutani, kutoka mji hadi mji.

"Sentimita tisa. Hapa sentimita moja ni kilomita mia. Kilomita mia tisa! Na ndege inakwenda kilomita mia nane kwa saa. Ni saa moja na kidogo tu, mke wangu. Tuchukue ya saa sita, ninywe chai yangu kwa raha."

"Una hakika, baba watoto?"

"Futi haidanganyi."

Jirani yao alikuwa amefuata sketi yake. Kazi yake ni kupima mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege. Alicheka mpaka akaegemea cherehani.

"Mzee wangu, hiki kiuno changu ukishakipima, unakata kitambaa sawasawa na kiuno?"

"Thubutu! Nitashonea wapi? Lazima niache pindo."

"Basi na safari ina pindo. Kutoka hapa mpaka uwanjani ni saa nzima. Ufike saa mbili nzima kabla ya ndege kuruka, mizigo ipimwe, mkaguliwe. Mlango wa ndege ukifungwa umefungwa, hata ulie. Kupanda na kushuka nako kunakula muda, kwa hiyo angani weka saa moja na nusu. Kusubiri mabegi, nusu saa. Na mpaka kwa bibi harusi?"

"Saa nzima kwa gari," alisema mke wa fundi, akihesabu vidole. "Ya saa sita ingetufikisha saa tisa! Mwanangu angeolewa amevaa taulo!"

Fundi alikohoa kidogo. "Kata ya saa tatu."

Jumamosi walitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Walifika kwa binti saa sita kamili.

"Si nilisema?" alijigamba fundi. Mkewe alimkata jicho.

Binti akavaa gauni. Vifungo havikufika.

"Baba! Umekosea kipimo!"

"Mimi? Wewe ndiye umenenepa!"

Lakini saa mbili zilikuwa bado zipo. Fundi alifumua ubavuni, akaachia pindo, akashona upya. Saa nane kasorobo, vifungo vyote sita vilifungwa, na binti akapumua.

"Afadhali uliacha pindo," alisema mkewe.

"Lipi?" aliuliza fundi, uzi ukiwa mdomoni. "La gauni au la safari?"

"Yote mawili. Ila hilo la pili, kamshukuru jirani."