Zabibu Chini ya Meza

Majira ya machipuko yakifika Grand Prairie, Texas, nyumba hukosa watu. Baridi imeondoka, lile joto la kuchoma bado halijaja, na majani yaliyokuwa na rangi ya mkeka uliochakaa hugeuka kijani ndani ya wiki moja. Mwaka ule wa 2019, kila Jumamosi asubuhi Yasinta aliamka bila kuamshwa. Alitandika kitanda, akaosha vikombe, akafagia jikoni, kisha akasimama dirishani na kutega sikio. Alikuwa akingoja kengele. Si kengele ya mlango, bali ile kengele ndogo iliyofungwa shingoni mwa Shefu.

Shefu alikuwa mbwa wa nyumba ya pili. Ukubwa wake haukuzidi mkoba wa shule, lakini alitembea kifua mbele kama mkuu wa mkoa anayekagua gwaride. Mwenye mbwa alikuwa Nathanaël, mvulana wa miaka kumi na miwili, aliyezidi Yasinta kwa mwaka mmoja na hakuacha kumkumbusha. Nathanaël na mama yake walitoka Bukavu, Kongo. Mama Nathanaël alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, na hakuwa na gari kubwa. Baba yake Yasinta, Mzee Kalisti, alikuwa nalo. Siku tano za wiki aliendesha lori, na siku ya sita, badala ya kupumzika, aliwapakia wote na kuendesha tena.

"Huyu baba yako," Mama Nathanaël alisema huku akicheka, "hata akilala, miguu yake inakanyaga mafuta."

Basi wakatembea. Jumamosi moja walikwenda Ziwa Joe Pool, Shefu akawafukuza bata mpaka bata mmoja akageuka na kumfukuza yeye. Jumamosi nyingine walikwenda Ennis, kwenye yale mashamba ya maua ya buluu ambako kila familia ya Texas hukalisha watoto na kuwapiga picha. Picha yao ilitoka vizuri, isipokuwa Shefu alipiga chafya, akaonekana kama mbwa asiye na kichwa.

Kila walipofika, chakula kilitandazwa mezani. Na hapo ndipo ilipokuwapo sheria ya mama yake Yasinta. Mama Prudensia alikuwa muuguzi, mtu wa utaratibu, mzaliwa wa Muleba. Alisema: "Sahani isafishwe, ndipo mguu utoke mezani." Hakuna kubakiza, hakuna kumwaga. Chakula kikishapakuliwa ni chako.

Tabu ni kwamba Yasinta hakupenda karoti, wala njegere. Zamani alizificha kwenye karatasi ya kufutia mikono, akazitupa baadaye. Lakini kule ziwani aligundua njia bora zaidi. Aliteremsha kipande cha karoti chini ya meza, pua yenye unyevu ikagusa vidole vyake, na karoti haikuonekana tena. Ennis, njegere zilikwenda njia hiyo hiyo, punje kwa punje.

"Mwoneni mwenzenu!" Mama Prudensia aliinua sahani ya binti yake ili watu waione. "Hata sabuni ya kuoshea haina kazi hapa. Nathanaël, jifunze."

"Na Shefu anamupendaka huyu mutoto kabisa," Mama Nathanaël aliongeza. "Yasinta akikaa tu, Shefu anakuya kulala kwa miguu yake. Ile ni roho muzuri, Mama Yasinta."

Yasinta alitabasamu. Sifa ni tamu, hata ile usiyostahili.

Sikukuu ya Pasaka iliwakuta Missouri City, karibu na Houston, mwendo wa saa nne kutoka Grand Prairie. Huko aliishi Shangazi Bertila, dada yake Mzee Kalisti. Wote sita, Shefu akiwamo, walifika jana yake, asubuhi wakaenda misa, na saa saba mchana meza ikaandaliwa uani chini ya turubai. Shangazi Bertila aliwahi kukaa Tanga miaka kumi, akarudi na pilau. Pilau yake ilikuwa na nyama, viazi, harufu ya kumwita jirani, na zabibu kavu. Zabibu nyingi.

Hakuna kitu duniani ambacho Yasinta alikichukia kuliko zabibu kavu. Zilipolainika kwenye wali, zilimkumbusha wadudu.

"Shangazi, mimi kidogo tu," alisema kwa sauti ya chini.

"Kidogo!" Shangazi Bertila alichota upawa wa pili. "Mtoto wa kaka yangu hapakuliwi kidogo nyumbani kwangu. Unataka majirani waseme nini?"

Sahani ikawa mlima. Na kumkatalia shangazi kwenye meza yake, mbele ya wageni, ni jambo ambalo Yasinta hakuwahi kumwona mtu akilifanya. Akashukuru, akakaa. Chini ya meza kengele ikalia. Shefu alikuwa tayari kazini.

Kazi ilikwenda vizuri. Yasinta alikula wali na nyama, na kila alipokutana na zabibu, mkono wa kushoto ulishuka. Wakubwa walizungumza habari za foleni ya barabarani. Nathanaël alikuwa na sahani ya tatu na hakuona kitu. Chakula kilipokwisha, sahani ya Yasinta iling'aa.

"Wifi!" Mama Prudensia alimwita Shangazi Bertila. "Umeona? Mlima wote ule!"

"Huyu ndiye wa kwetu," Shangazi alijibu, na akampiga Yasinta begani.

Watoto walicheza mpira uani kwa muda. Kisha Shangazi Bertila akatoka jikoni na sufuria, akiwa amekwangua ukoko wa pilau. "Haya, na huyu mgeni wa miguu minne naye ale Pasaka. Shefu! Shefu!"

Nathanaël aliacha mpira, akaruka kama golikipa. "Usimpe, Shangazi! Ina zabibu!"

"Zabibu zina nini? Mbwa wa kwetu walikula kila kitu, hata kandambili."

"Ni sumu kwa mbwa, Shangazi. Daktari wake alitupa karatasi, tumeibandika kwenye friji. Zabibu, vitunguu na chokoleti. Zabibu ndizo mbaya, zinaua figo. Mbwa mdogo kama huyu, kiganja kimoja tu kinaweza kummaliza. Na mwanzoni haonyeshi kitu. Anacheza tu. Kesho yake ndiyo anaanguka."

"Mungu wangu!" Shangazi alirudisha sufuria nyuma. "Nilitaka kumwua mgeni wangu siku ya Pasaka!"

Watu wote wakacheka kwa nafuu. Watu wote, isipokuwa mmoja.

Yasinta alisimama na mpira mkononi. Alimtazama Shefu. Shefu alikuwa akikimbiza kipepeo, mkia juu, kengele ikilia, mzima kama ngoma. Labda daktari alikosea, Yasinta alijiambia. Labda mbwa wengine tu. Akachota maji kwenye bakuli, akampelekea. "Kunywa, Shefu. Kunywa yote." Shefu alilamba mara mbili, kisha akalamba vidole vyake, vile vya mkono wa kushoto, akitafuta zaidi.

Yasinta akauficha mkono ule nyuma ya mgongo.

Hakuna aliyeona. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Akisema, Mama atajua habari ya zabibu, na ya njegere, na ya karoti. Atajua kwamba kila sahani aliyoiinua juu mbele ya watu ilikuwa ya uongo. Nathanaël naye atajua. Kutoka uani, kupitia mlango wa kioo, aliiona saa ya ukutani. Saa nane na robo. "Kesho yake ndiyo anaanguka," Nathanaël alisema. Kesho ilikuwa inakuja, iwe Yasinta amesema au hakusema.

Akaweka mpira chini.

"Nimempa," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Nimempa zabibu. Mimi. Wakati wa kula."

Mama Prudensia aligeuka polepole. "Umempa ngapi?"

"Zangu zote."

"Zote?" Nathanaël alikuwa ameshamnyanyua Shefu na kumkumbatia kifuani. "Yasinta, zote?"

"Sikujua ni sumu. Na ndivyo ninavyofanya siku zote, Mama. Karoti, njegere. Sahani zangu, ni yeye anayezimaliza."

Muuguzi aliyekuwa ndani ya Mama Prudensia alimtangulia mama. "Wifi, iko wapi hospitali ya wanyama iliyofunguliwa leo? Kalisti, washa gari. Maneno mengine baadaye."

Wakaingia garini. Nathanaël alikaa dirishani, Shefu akiwa amezungushiwa kitenge cha mama yake, na hakumgeukia Yasinta hata mara moja. Yasinta alipojaribu kusema "Sori, Nathanaël," alijibiwa na mlio wa kengele tu.

Daktari alikuwa mama mrefu mwenye miwani. Alimpima Shefu uzito, kisha akauliza kwa Kiingereza: alikula saa ngapi, na zabibu ngapi?

Wote wakamtazama Yasinta. Neno "kumi" lilimjia mdomoni lenyewe. Kumi si nyingi. Kumi ingepunguza yale macho. Lakini alimwona Shefu juu ya meza ile ya chuma, akitingisha mkia kwa kila mtu, hata kwa mtu aliyeshika sindano.

"Sikuzihesabu," alijibu. "Lakini zingejaza kiganja changu. Labda arobaini. Tulianza kula saa saba, na bado hazijatimia saa tatu tangu hapo."

Daktari alitikisa kichwa kukubali, naye akafanya haraka. "Ungeniambia chache," alisema akiwa mlangoni, "ningekuwa na haraka ndogo zaidi. Asante kwa ukweli."

Walimtapisha Shefu, na zabibu zikatoka, nyingi, bado zimevimba. Wakampa dawa, wakamwekea dripu, wakasema abaki nao hadi kesho. Familia zote mbili zikalala kwa Shangazi usiku wa pili. Jumatatu adhuhuri daktari alitoka na karatasi ya vipimo. Figo zilikuwa nzima. Apimwe damu tena nyumbani baada ya siku mbili, basi. Nyuma ya mlango kengele ililia, na Shefu akatoka kifua mbele, kama mkuu wa mkoa aliyemaliza ziara.

Nathanaël alipiga magoti akamkumbatia. Kisha, bila kuinua kichwa, alisema, "Ulichelewa kusema."

"Nilichelewa," Yasinta alikubali.

"Lakini ulisema." Akamsogezea kamba. "Mshike. Anataka kukojoa, na mimi nimechoka."

Kuanzia wiki hiyo Yasinta alimwogesha Shefu kila Jumamosi kabla ya safari, bila kuagizwa na mtu. Vipimo vya pili vilitoka vizuri, na Jumamosi iliyofuata wakarudi Ziwa Joe Pool, wale wale sita: familia mbili na mbwa mmoja. Meza ikatandikwa. Yasinta akanyoosha sahani yake kwa mama yake, macho chini.

Mama Prudensia hakupakua. Alimpa upawa.

"Pakua mwenyewe. Weka unachoweza kumaliza. Kisichokupendeza, sema."

"Nikisema, hutakasirika?"

"Nitakasirika kidogo, halafu nitakula karoti zako." Mama akakaa karibu naye. "Na mimi nilikosea, mwanangu. Niliitazama sahani, sikukutazama wewe. Lakini sheria yangu ilikuwa ngumu tu. Haikukutuma udanganye."

Mama Nathanaël alicheka. "Kumbe ile roho muzuri ilikuwa njegere! Mimi nilidanganywa na mbwa."

Hata Yasinta alicheka. Mzee Kalisti peke yake alikuwa bado akizungusha kijiko kwenye chai, na walipomaliza kucheka akasema:

"Ndani ya lori langu kuna taa nyekundu ndogo. Ikiwaka, injini ina ugonjwa. Nilimjua dereva mmoja, taa ile ilimsumbua macho, akaifunika kwa kitambaa. Mbele yake pakawa pazuri, hakuna wekundu tena. Akaenda kilomita themanini akiimba, na injini ikafia barabarani. Yasinta, ile siku ya kwanza uliyoteremsha karoti chini ya meza ulifunika taa. Kitu kidogo, hakuna aliyeumia. Lakini uongo mdogo hauchagui siku ya kuwa mkubwa. Siku ya Pasaka ulikitoa kitambaa mwenyewe, mbele za watu, na ndiyo sababu mbwa huyu anapumua. Ukweli uliochelewa ni bora kuliko uongo uliowahi. Ila safari nyingine, binti yangu, usichelewe."

"Sitachelewa, Baba."

Chini ya meza kitu chenye unyevu kiligusa mkono wake wa kushoto. Yasinta aliinama, akafungua viganja vyote viwili, vitupu, Shefu avione vizuri. Shefu alivinusa kimoja baada ya kingine, akapiga chafya, akaenda kulala kwenye miguu ya Nathanaël.

Yasinta alianza kula. Kwenye sahani yake palikuwa na vipande vitatu vya karoti, alivyojipakulia mwenyewe. Alivitafuna kimoja kimoja, uso umekunjamana, mpaka vikaisha.