Kishindo Kilichotangulia

Ta-ka-ta, dum. Ta-ka-ta, dum. Sauti hiyo ilimwamsha Kijiti kabla hajafumbua macho. Alijua ni mjomba wake jikoni, anagonga sufuria kwa vijiko akisubiri maji yachemke.

Mjomba alikuwa mpiga ngoma, mchekeshaji na mwigizaji wa jukwaani, yote kwa mtu mmoja. Akiulizwa kazi yake hasa ni ipi, alijibu, "Inategemea nani hakuja leo." Ndiye aliyempa mpwa wake jina la Kijiti, maana msichana yule hakuwahi kushika kijiti asikigonge mahali.

Siku hiyo Kijiti naye alikuwa na kazi. Mpiga ngoma wa nyuma ya pazia la pembeni alikuwa ameteguka mkono, na Kijiti aliyajua mapigo yote ya mchezo. Mama mwongozaji wa kikundi cha maigizo cha mjomba alikubali shingo upande.

"Mmefanya mazoezi pamoja, wewe na mjomba wako?" aliuliza pale ukumbini.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Sehemu ya kwanza nitakuangalia. Ukiharibu, ya pili tutaicheza bila ngoma."

Pazia la mbele likafunguliwa. Mjomba aliingia na beseni la vyombo kichwani. Mabega yalimshuka, magoti yakapinda, na mbele ya macho ya Kijiti mjomba akatoweka, akabaki mchukuzi mzee aliyechoka. Kila hatua ilikuwa na pigo dogo. Mwisho mzee angeteleza, na ngoma kubwa ingelia.

Kijiti aliinamia ngoma akapiga kama alivyozoea. Lakini watu walicheka kwa muda mrefu, na mjomba akawaacha wacheke, mguu mmoja ukining'inia hewani.

DUM.

Ngoma kubwa ililia mzee angali amesimama wima. Ukumbi ukawa kimya.

Mjomba aliushusha mguu polepole. Akatazama sakafu, akajipapasa makalio, kisha akawageukia watu kwa sauti ya kizee. "Kishindo kimetangulia. Mwenyewe niko njiani." Ndipo akajiangusha taratibu, kama mtu anayeleta mzigo uliochelewa.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa vicheko. Kosa lililotoka mikononi mwake mjomba alilidaka hewani, akaligeuza kicheko.

Wakati wa mapumziko, mama mwongozaji alimkabili. "Mlifanya mazoezi pamoja kweli?"

Kijiti aliinamisha kichwa. "Hapana, mama. Mjomba aliniita, nikamwambia nimeshaiva. Nilipiga peke yangu chumbani."

"Mapigo anayajua kunishinda," alisema mjomba akijifuta jasho. "Lakini Kijiti, mimi nacheza na watu. Leo wanacheka, kesho wananuna. Mguu wangu unawasubiri wao, na ngoma yako inausubiri mguu. Mpe nafasi, mama. Nikianguka bila ngoma, nitaumia kweli."

Mama mwongozaji aliguna, akaashiria ngoma kwa kidole.

Sehemu ya pili, Kijiti alisogeza pazia la pembeni kidogo, akaikazia macho miguu ya mjomba. Mguu uliponing'inia hewani, mkono wake nao ulining'inia. Ukumbi ulishusha pumzi, ukazishika tena. Kijiti alishangaa kuona kwamba hata kimya kile kilikuwa kinapigwa, kama ngoma. Mguu ukateleza. Dum. Vicheko vikapanda hadi darini, na kwa mara ya kwanza alihisi kwamba yeye na mjomba wana mwili mmoja.

Watu walipokwisha kutoka, mama mwongozaji alimwekea mkono begani. "Kipaji unacho, sikatai. Ila ulinidanganya, na jukwaa likakuumbua mbele ya watu. Kazi ya wengi haifanyiwi mazoezi na mtu mmoja chumbani."

"Nisamehe, mama," alisema Kijiti. Akamgeukia mjomba, akasema kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma, "Mjomba, naahidi mbele yenu wote wawili. Kuanzia kesho sitapiga hata pigo moja la mchezo huu kabla wewe hujasimama mbele yangu."