Siku Tuliyomcheka Hakorimana

Ndugu zangu wa Nyamitaba, mnaifahamu nyumba ya Mama Verdiane, ile iliyo chini ya malisho. Ilikuwa nyumba ya amani. Mama haoni, lakini kila asubuhi aliketi mlangoni akichambua maharagwe kwa vidole, huku Emérence, mchumba wa mwanawe Hakorimana, akimchemshia maji ya kuoga. Hakorimana akitoka shambani, wote watatu walikula pamoja. Maneno matamu hayakusikika humo, wala hakuna aliyelalamika.

Mwaka jana vijana wa parokia waliandaa mchezo wa kuchekesha kwa ajili ya Pasaka. Théophile, aliyeuongoza, alimpa Hakorimana nafasi ya mkulima anayependwa na msichana mrembo. Msichana huyo aliigizwa na Olga, mwalimu wa shule ya msingi. Katika mazoezi Olga alimshika mkono akamwambia, "Bila wewe siwezi kuishi." Hakorimana hakuwahi kuambiwa hivyo maishani mwake. Akaamini.

Théophile aliligundua hilo, akafurahi.

"Endelea naye hata inje," alimwambia Olga. "Akiamini, atacheza muzuri."

Olga akaendelea. Alitembea naye njia ya sokoni, akapokea maparachichi aliyomletea. Sisi wote tulijua, na hakuna aliyemwonya. Tulikuwa tunajiburudisha mno.

Wiki moja kabla ya sikukuu, Hakorimana alizungumza na mama yake, Emérence akiwa palepale.

"Mama, sitaoa tena Emérence. Olga njo ananipenda, ni yeye tu."

"Alikuambia wapi?" Mama Verdiane akauliza. "Mu muchezo ao mu maisha?"

"Kote, Mama."

Emérence alimaliza kumwosha mama miguu, akaifuta, akaondoka siku hiyohiyo kurudi kwao Ngungu.

Siku ya mchezo Hakorimana alipiga magoti kama alivyofundishwa. Lakini mwisho ulikuwa umebadilishwa bila yeye kuambiwa. Olga aliuchomoa mkono wake, akampa Théophile aliyekuwa amesimama kando, akatangaza kwamba wao wawili watafunga ndoa mwezi ujao. Uwanja mzima ukacheka.

"Olga," Hakorimana alisema, angali amepiga magoti, "hii haiko mu muchezo. Sema ya kweli."

"Hii njo ya kweli," Olga akamjibu. "Ile ingine njo ilikuwa muchezo."

Tukacheka mpaka machozi. Mama Verdiane, aliyeketi mstari wa mbele, alicheka pia na kupiga makofi. Alisikia furaha ya watu, akadhani maneno yale yote ni ya mchezo na mwanawe amecheza vizuri.

Hakorimana alikwenda Ngungu kwa miguu. Emérence alimpa chakula, akamsikiliza hadi mwisho.

"Sina hasira," alimwambia. "Miaka tatu nilikuonyesha, haukuona. Yeye alisema tu, ukaamini. Kula, kisha urudie kwenu."

Sasa nyumba ile ina watu wawili. Jioni mama humwomba amsimulie tena siku ya mchezo.

"Watu walikupenda sana siku ile, eh?"

"Ndiyo, Mama. Walinipenda sana."

Funzo

Wewe unayetafuta mwenzi, usimpime kwa maneno anayokuambia. Mtazame anavyowatendea watu wa nyumbani mwako wakati hakuna wa kumsifu. Na sisi wengine tujue kwamba kumwigizia mtu mapenzi ni kumuua akiwa hai, na anayejua akanyamaza ameshiriki. Mimi niliketi nyuma ya Mama Verdiane siku ile. Nilijua kila kitu, na nilicheka.