Wimbo wa Ndayiragije Katika Diski Mpya

Waungwana mlioketi, nanyi mama zetu mlioturembeshea baraza, nitegeeni masikio. Haya yalimpata rafiki yangu Ridhiwani, fundi wa kompyuta mjini Kasulu, masika ya mwaka 2014.

Mama Immakulata wa Kumsenga alimletea kompyuta ya mezani iliyochoka, pamoja na diski mpya ya aina isiyozunguka wala kunguruma, ili Windows, programu inayoiendesha, ihamie humo.

"Lakini mwana wanje, mwanangu," alimwambia, "katika diski ya zamani mna marehemu mume wangu Ndayiragije akiimba. Usimwache nyuma. Sina sauti yake nyingine."

Diski mpya ilikuwa ndogo. Ridhiwani akahamisha Windows tu, wimbo akauacha, kisha akaifuta diski ya zamani ili aiuze. Mama aliporudi alasiri, alimwambia, "Vyote vimo, mama. Mimi nikudanganye wewe?"

"Basi niwekee nimsikie."

Kabla hajagusa kitufe, mvua kubwa ilishuka, umeme ukakatika, duka likawa giza. Ridhiwani akashukuru kimoyomoyo. Ndipo kompyuta iliyozimika ikaanza kuimba polepole, kwa Kirundi, lugha ya marehemu. Mama akaitikia ubeti mmoja, kisha akamgeukia Ridhiwani.

"Wimbo ni wa mume wangu," alisema. "Sauti ni yako."

Ridhiwani, asiyejua Kirundi hata neno, alijiziba kinywa kwa viganja viwili. Wimbo haukukoma.

Aliyenisimulia ni Mama Immakulata. Ridhiwani alimwungamia mama huyo kosa lake kwa kumwandikia karatasini, kwa kuwa tangu alasiri ile akifumbua kinywa haitoki sauti.