Mpira Uliolegea Asubuhi

Julai ile ya mwaka 1979, wasichana wa darasa la sita walifanya mazoezi ya netiboli kila jioni, baada ya kumwagilia bustani ya shule. Kapteni wao alikuwa Antonia. Siku moja kabla ya mechi na shule jirani, aliujaza mpira upepo mchana, jua likiwaka, ukawa mgumu kabisa. Kisha akampa Marsela, mwenzake ambaye hakuchaguliwa kwenye timu, akautunze kwao.

Usiku ule baridi ya milima ya Mbulumbulu ilikuwa kali. Asubuhi, ukungu ukiwa bado uwanjani, Marsela aliuleta mpira. Antonia akaubonyeza. Ulikuwa umelegea.

"Umetoa upepo!" alifoka mbele ya wote. "Una wivu kwa sababu hukuchaguliwa!"

"Sijautoa, Antonia. Kweli tena!"

Wenzake wakamzomea. Marsela akakimbilia kwao akilia.

Mwalimu Patrisi alipoelezwa, aliuzamisha mpira kwenye ndoo ya maji. Hakikutoka kipovu hata kimoja. Akaupeleka kwenye jiko la shule, akaupasha joto motoni huku akiugeuzageuza, kisha akamrushia Antonia. Ulikuwa mgumu tena.

"Nani ameujaza?"

"Hakuna, mwalimu."

"Hewa iliyomo ni ile ile. Ikipata joto hutaka kutanuka, lakini ngozi ya mpira inaizuia, basi inasukuma kwa nguvu zaidi. Ikipoa, msukumo wake unapungua. Wewe uliujaza juani, nao ukalala kwenye baridi."

Uso wa Antonia uliwaka. Alitamani ardhi immeze. Aliomba ruhusa, akaenda kwa kina Marsela, akamkuta mama yake uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama. Nimemsingizia Marsela. Naomba mnisamehe."

"Marahaba. Ulimwaibisha mbele ya watu," mama alisema taratibu. "Sasa unataka kumsafisha hapa, mbele ya kuku?"

Antonia akamwita Marsela atoke ndani. Alirudi na Marsela uwanjani, akasimama mbele ya timu zote mbili.

"Marsela hakutoa upepo. Ni baridi. Nilimsingizia bila hata kumuuliza."

Waliomzomea wakainamisha vichwa. Marsela alifuta macho, akauokota mpira, akampa.

"Haya, kacheze," alisema.

Antonia aliupokea bila kuweza kumtazama.

"Kutojua habari za hewa si kosa, ndiyo maana mko shuleni," Mwalimu Patrisi aliwaambia. "Kosa ni kumhukumu mwenzako kabla hujajua."